Jiko Lisilo na Moto: Historia ya Maikrowevu na Ladha Iliyokosekana



Msimu wa harusi ukikaribia, orodha ya vyombo vya bi harusi huanza kuandikwa, na siku hizi maikrowevu haikosi humo. Mama anaitaka kwa sababu jiko likiwa nayo linapendeza. Shangazi anasema itampunguzia mwanawe kazi. Bibi naye, aliyekaa kimya muda wote, anauliza swali moja tu: "Hicho kisanduku kitatoa mkate wa kumimina?"

Swali la bibi ni zito kuliko linavyosikika. Fedha ya vyombo ni ile ile. Ikiliwa na maikrowevu kubwa ya bei, sufuria nzito na oveni nzuri zinaweza kukosekana. Na bi harusi akishaingia nyumba ya watu, hapimwi kwa vyombo vilivyopangwa juu ya kabati. Anapimwa kwa kilichomo sahanini. Kwa hiyo leo tusimulie historia ya kisanduku hiki tangu kilipoanza, maana jibu la bibi limo ndani ya historia hiyo.

Kilitoka vitani, hakikutoka jikoni

Jiko la makaa, tanuri na chungu vilibuniwa na watu waliotaka kula. Maikrowevu haikuanza hivyo. Mwaka 1940, Uingereza ikiwa vitani na Ujerumani, wanasayansi wawili wa Chuo Kikuu cha Birmingham, John Randall na Harry Boot, walitengeneza aina mpya ya kifaa kiitwacho magnetroni. Kazi yake ilikuwa kutoa mawimbi mafupi yenye nguvu kubwa kwa ajili ya rada, ili ndege na nyambizi za adui zionekane hata katika giza na mawingu. Mwezi Septemba mwaka huo huo, ujumbe wa Waingereza ulioandaliwa na Henry Tizard ulikipeleka kifaa hicho Marekani kwa siri, ili kitengenezwe kwa wingi.

Moja ya kampuni zilizopata kazi hiyo ilikuwa Raytheon, ya jimbo la Massachusetts. Humo alikuwamo fundi mmoja, Percy Spencer, aliyezaliwa mwaka 1894 katika kijiji cha Howland, jimbo la Maine. Alilelewa bila ya baba, na hata shule ya msingi hakuimaliza, lakini alijisomea mwenyewe mpaka akawa bingwa wa magnetroni.

Mwaka 1945, akiwa amesimama karibu na magnetroni inayofanya kazi, aligundua kuwa peremende iliyokuwa mfukoni mwake imeyeyuka. Wengi husema ilikuwa ya chokoleti. Katika familia yake husimuliwa kuwa ilikuwa ya karanga. Spencer hakuishia kufuta mfuko. Alitaka kujua sababu. Akaagiza mbegu za mahindi, akaziweka mbele ya kifaa, zikaruka zikawa bisi. Kisha likaja yai, nalo inasimuliwa kuwa lilipasuka likamrukia usoni mtu aliyekuwa akilichungulia. Tarehe 8 Oktoba 1945 kampuni iliomba hataza ya njia hii ya kupika, na hataza hiyo ikatolewa Januari 1950.

Tazama vitu vitatu hivyo: peremende, bisi na yai. Kimoja kiliyeyuka na viwili vilipasuka kwa mvuke. Hakuna kilichochomeka kikapata rangi ya kahawia. Tangu siku ya kwanza kisanduku kilikuwa kimeshaonyesha kinachokiweza na kisichokiweza, ila watu walichukua miaka mingi kuisoma alama hiyo.

Mpishi aliyeacha kazi

Mwaka 1947 Raytheon ilitoa maikrowevu ya kwanza ya kuuzwa, ikaitwa Radarange. Usifikirie kisanduku cha juu ya meza. Ilikuwa na kimo cha mtu mzima, kiasi cha mita 1.8, na uzito wa kilo 340 hivi. Ilipozwa kwa maji, kwa hiyo ilihitaji fundi bomba kabla ya mpishi. Bei yake ilikuwa maelfu ya dola, na walioinunua walikuwa mahoteli, meli na majiko makubwa yanayolisha watu wengi kwa wakati mmoja.

Kisa kimoja cha siku hizo husimuliwa sana. Mkuu wa Raytheon, Charles Adams, aliwekewa jiko hilo nyumbani kwake ili aone mwenyewe linavyofanya kazi. Nyama ikaiva lakini haikubadilika rangi. Viazi vya kukaanga vikatoka vyeupe na vimelegea. Mpishi wake aliona huo ni uchawi, akaacha kazi.

Tunaweza kucheka, lakini mpishi yule ndiye aliyekuwa mhakiki wa kwanza wa kisanduku, na uhakiki wake ulikuwa sahihi. Chakula kilikuwa kimeiva na hakina ladha aliyoijua. Wahandisi walipima muda, yeye alionja.

Maji na moto mkavu

Tofauti inaanzia hapa, na ukishaielewa hutahitaji kukariri masharti mengi.

Ndani ya maikrowevu mna mawimbi ya jamii moja na ya redio, yanayogeuka mara bilioni 2.45 kwa kila sekunde. Chembe za maji zilizomo katika chakula hujaribu kuyafuata mawimbi hayo kwa kugeuka huku na huku, na katika kuhangaika huko joto hupatikana. Wako wanaosema kuwa maikrowevu hupika kuanzia ndani kuja nje. Sivyo. Mawimbi huingia kiasi cha sentimita chache tu, na sehemu ya katikati ya kipande kinene huiva kwa joto linalosafiri polepole, kama katika jiko lolote.

Kwa kuwa kinachopata joto zaidi ni maji, na maji yakifika nyuzi 100 hugeuka mvuke, chakula kingi ndani ya maikrowevu hukaa karibu na kiwango hicho hicho. Tena hewa inayokizunguka ni ya kawaida, haina ukali wa oveni. Mvuke ukitoka unakutana na hewa hiyo na kuacha unyevu juu ya chakula.

Sasa rudi kwenye seredani. Samaki anapochomwa juu ya makaa, uso wake hukauka kwanza, kisha joto lake hupanda mpaka nyuzi 140 na zaidi. Hapo protini na sukari zilizomo huungana na kutoa rangi ya kahawia na mamia ya harufu mpya. Mfaransa Louis-Camille Maillard ndiye aliyeeleza muungano huo mwaka 1912, na mpaka leo wanasayansi wa chakula huuita kwa jina lake. Harufu ya mkate unaotoka motoni, ya buni zinazokaangwa, ya mishikaki, ya vitunguu vya biriani na ya ukoko wa wali, zote zinatoka katika mlango huo mmoja. Na mlango huo haufunguki mahali penye majimaji.

Ndiyo maana hata sufuria ya maji haimpi kuku rangi. Bibi zetu walilijua hilo bila ya kumsoma Maillard, ndiyo wakawa wanakaanga vitunguu kwanza mpaka viwe vyekundu kabla ya kutia maji ya pilau. Maikrowevu basi tuihesabu katika ukoo wa mvuke. Ukiilinganisha na chungu cha kuchemshia au chombo cha mvuke, inashindana vizuri. Ukiilinganisha na makaa, unailinganisha na kitu cha ukoo mwingine.

Uko uvumilivu kidogo katika kanuni hii. Vitu vikavu, au vyenye mafuta au sukari nyingi, huweza kupita nyuzi 100 hata ndani ya maikrowevu. Ndiyo sababu karanga huweza kupata rangi humo, na sukari huweza kuungua kabla hujageuka.

Nusu ya utamu ni kutafuna

Ladha haiishii katika harufu. Chakula kinavyohisi mdomoni nacho kina sehemu yake, na hapa maikrowevu ina rafiki zake na maadui zake.

Chapati ni adui. Ukiitia humo dakika nzima, maji yake hugeuka mvuke na kutoka. Ikiwa moto inakuwa laini, ikipoa kidogo wanga wake hukaza na chapati inavutika kama ngozi. Sekunde chache ndani ya kitambaa kibichi, na kuliwa papo hapo, zinatosha. La sivyo, kikaango kikavu ni bora zaidi.

Nyama ngumu ni adui pia. Kano na utando wa nyama vinataka muda mrefu wa joto la taratibu ndipo vilainike na kuufanya mchuzi uwe mzito. Haraka huikaza nyama na kuikamua maji yake. Bokoboko halikupikwa kwa saa nyingi kwa sababu wazee hawakuwa na kazi nyingine. Muda ule ni kiungo kama chumvi.

Kiazi kitamu kina siri yake. Kinapopata joto taratibu, wanga wake hugeuzwa kuwa sukari kabla hakijaiva kabisa. Kikivikwa majivu ya moto au kikichemshwa polepole, kinapata nafasi ya kuwa kitamu. Ndani ya maikrowevu kinaivuka hatua hiyo mbio, kinatoka kimeiva lakini hakina utamu ule ule.

Rafiki zake sasa. Wali wa jana ni rafiki mkubwa: nyunyizia maji kidogo, funika, na wanga uliokakamaa hulainika tena bila ya kushika chini. Mboga za majani huiva katika maji yake zenyewe, hubaki kijani, na vitamini zinazoyeyuka majini hazimwagwi pamoja na maji ya kuchemshia. Kipande cha samaki kilichotiwa ndimu, chumvi na thomu, kikafunikwa, hutoka laini na kitamu kama samaki wa mvuke. Siyo samaki wa kupaka, na asiitwe hivyo, lakini kwa mgonjwa au mtu anayepunguza mafuta ni chakula kizuri hasa.

Wanawake waliokifundisha kisanduku kazi

Baada ya Radarange, watengenezaji walitaka kuingia majumbani. Mwaka 1955 kampuni ya Tappan ilitoa maikrowevu ya kwanza ya nyumbani kwa dola 1,295, fedha nyingi mno wakati huo. Watengenezaji walikuwa wameshaisikia lawama ya chakula kisicho na rangi, kwa hiyo waliweka waya wa moto upande wa juu ili kukichoma chakula uso. Watu hawakuinunua kwa wingi. Mwaka 1966 kampuni ya Sharp ya Japani ikatoa yenye sahani inayozunguka, kwa sababu mawimbi hayagawanyiki sawa: pahala pamoja huungua na pembeni yake pakabaki baridi. Mwaka 1967 Amana, iliyokuwa imenunuliwa na Raytheon miaka miwili kabla, ikaleta kisanduku cha juu ya meza kwa dola 495. Hicho ndicho kilichofungua milango ya nyumba.

Lakini kifaa kikiingia nyumbani bila ya mapishi ni sanduku tu. Waliokifanya kifae walikuwa wanawake, wataalamu wa sayansikimu walioajiriwa katika majiko ya majaribio. Wao ndio waliojaribu kila chakula, wakaandika vitabu vilivyowekwa ndani ya boksi, wakasimama madukani kuwafundisha wanunuzi. Masharti tunayoyaona ya kawaida leo yalitoka mikononi mwao: panga vipande vinene upande wa nje, funika, koroga katikati ya kupika, kisha acha chakula kipumzike dakika chache ili joto lienee.

Mwaka 1993 watafiti wawili wa Uingereza, Cynthia Cockburn na Susan Ormrod, walichapisha kitabu kuhusu maisha ya kifaa hiki tangu kiwandani hadi jikoni. Walionyesha kuwa mhandisi mwanamume alihesabiwa kuwa ndiye mwenye ujuzi, na mwanamke aliyejua chakula akawekwa daraja la chini, ingawa bila ya yeye kifaa kisingepika kitu. Walieleza pia kuwa mwanzoni maikrowevu iliuzwa pamoja na televisheni na redio, kama mtambo wa mwanamume mpenda vitu vipya, kisha ikahamishiwa upande wa majokofu na mashine za kufulia, yaani upande wa mwanamke. Dada yangu, ukisikia mtu anasema upikaji si elimu, mkumbushe historia hiyo.

Juhudi za kurudisha rangi ya kahawia ziliendelea. Miaka ya 1970 zikaja sahani maalumu zenye tabaka linalokamata mawimbi na kuwa moto sana. Miaka ya 1980 zikaja karatasi zenye utando mwembamba wa madini, kama ile iliyomo ndani ya mfuko wa bisi. Zikaja na maikrowevu zenye oveni ndani yake. Mwaka 1987 mwandishi wa mapishi wa Marekani, Barbara Kafka, alitoa kitabu cha Microwave Gourmet kuwaonyesha wapenda chakula kizuri kuwa kisanduku kinaweza kazi ya heshima.

Makaa juu ya kifuniko

Sasa angalia walichokuwa wakikitafuta wahandisi hao wote, kuanzia waya wa Tappan hadi karatasi ya bisi. Walitaka moto mkavu wa upande wa juu. Mkate wetu wa kumimina unapowekwa jikoni, makaa hupunguzwa chini na mengine hupaliwa juu ya kifuniko. Joto la chini huuinua, la juu huupa rangi. Biriani nayo hufunikwa vizuri ikapaliwa ili viungo vipenye. Waliyoyagharimia fedha nyingi viwandani, bibi anayafanya kwa koleo na konzi ya makaa.

Sisemi hivyo kuudharau utaalamu wa watu. Nasema hivyo ili binti asione haya kwa anachokijua. Wako mabinti wanaodhani kuwa seredani ni alama ya umasikini na kisanduku ni alama ya maendeleo. Historia haisemi hivyo. Inasema kisanduku kilihangaika miaka mingi kikitafuta kazi moja ambayo seredani inaifanya bila ya tabu.

Na sisi wa Unguja tuna sababu moja zaidi ya kutoitupa. Mwaka 2008, na tena kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, umeme unaotoka bara kwa waya wa baharini ulikatika kwa muda mrefu. Katika siku hizo maikrowevu iligeuka kabati. Waliokuwa na makaa walikula chakula cha moto.

Kwa bi harusi wetu

Basi bibi ajibiwe kwa adabu: hapana bibi, hakitatoa mkate wa kumimina. Kitapasha maziwa na kiporo cha mchuzi, kitalainisha wali, kitayeyusha siagi, kitaivisha mboga na samaki wa mvuke. Kwa kazi hizo maikrowevu ndogo ya kawaida inatosha. Kama fedha ni ya kubanana, tanguliza sufuria nzito yenye kifuniko kizuri, kikaango kizito na oveni, kisha kinachobaki ndicho kinunulie kisanduku.

Ukishakuwa nacho, kitumie kwa akili. Yai na ganda lake usilitie humo. Maziwa ya mtoto yakoroge na uyaonje joto lake mkononi, kwa sababu yanaweza kuwa ya vuguvugu juu na ya moto katikati. Nyama iliyoganda iyeyushe kwa nguvu ndogo, maana barafu hukamata mawimbi kidogo sana kuliko maji, na pembe za nyama zitaiva huku katikati bado ni jiwe. Kiporo kikoroge mpaka kiwe moto kote.

Kuna kheri nyingine ambayo bi harusi asiipuuze. Mwezi wa Ramadhani futari huwa nyingi, na israfu haipendezi katika dini yetu. Chakula kilichobaki kikahifadhiwa vizuri na kupashwa vizuri ni neema isiyopotea. Kwa kazi hii kisanduku kinastahili sifa, na mke anayekitumia kuokoa chakula hakufanya uvivu, amefanya busara.

Na kwa waume na mama wakwe watakaosoma haya: Mtume wetu (SAW) hakuwa na desturi ya kukitia kasoro chakula. Akikipenda alikula, asipokipenda alikiacha. Binti mgeni jikoni akikosea dakika mbili, mpeni nafasi ajifunze. Naye binti, siku ya wageni wa heshima, awashe makaa.

Wabillahi tawfiq.